Ugonjwa wa Wakubwa wa Mutomo

Tajiri wa kwanza wa Mutomo kufa kwa kisukari alizikwa Jumamosi moja ya mwaka 1978, kwa hotuba tano. Zote zilisema jambo lile lile: marehemu aliugua ugonjwa wa wakubwa. Kiema Nzomo, ambaye alikuja kwa ajili ya wali na nyama, hakulitazama jeneza. Aliwatazama wenye maduka na wauza ng'ombe waliosimama mstari wa mbele. Hawakuwa na huzuni. Walikuwa na wivu.

Jumatatu akafungua kazi.

Kiema aliwahi kufagia maabara ya zahanati moja kule Makueni kwa miezi minane. Alipofukuzwa aliondoka na koti jeupe pamoja na makopo matatu ya vijiti vya kupimia mkojo. Ncha ya kijiti ilikuwa ya waridi. Ukiichovya kwenye mkojo wenye sukari, inageuka zambarau. Vijiti vilikuwa vya kweli kabisa. Uongo ulikuwa kwenye vikombe.

Kila mteja alipewa kikombe kidogo cha plastiki aende nacho nyumbani, alete mkojo wa asubuhi. Ndani, chini kabisa, Kiema alikuwa amekausha tone la glukosi, ule unga wanaokorogewa watoto wagonjwa. Sukari ya chai alishaijaribu na kijiti hakikubadilika hata kidogo. Katika mambo ya kazi alikuwa mtu makini.

"Unasikia kiu?" aliwauliza. Mutomo, wakati wa kiangazi, hakuna aliyejibu hapana.

Wa kwanza alikuwa Musyoka, hedimasta wa shule ya msingi. Alikitazama kile kijiti cha zambarau kama anayesoma cheti chake.

"Daktari, ni nyingi?"

"Mwalimu, nisikufiche. Ni nyingi sana."

"Kushinda ya marehemu?"

"Marehemu alikuwa anaanza tu."

Toka siku hiyo hedimasta alikataa sukari kwenye chai kwa sauti iliyofika barabarani. Wiki ya pili akaja mzee Mbuvi, amenuna: mwalimu anayeishi nyumba ya kupanga ana kisukari, na yeye mwenye maduka mawili hana? Akapimwa, akawa nacho. Ni kweli hospitali ya misheni haikuwa mbali, lakini ilikuwa na tabia ya kuwaambia watu kwamba ni wazima.

Dawa ilikuwa pakiti ya unga wa kijivu kwa mbuzi mmoja; wakubwa walitoa wawili. Mwezi ulipoisha, nyuma ya chumba cha Kiema kulikuwa na zizi.

Meza yake na sanduku la vikombe vilikaa kwenye baraza la hoteli ya chai ya Mumina, ambaye watu walimwita Mama Isnino. Kila siku ya soko Kiema alianza kwa kujipima mwenyewe mbele ya umati, waone mkojo wa mtu mzima ulivyo. Kikombe chake hakikuwa na glukosi; alikitia nukta ya wino chini asije akakosea.

Kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha hata moyoni. Baba yake alikufa kwa kisukari, mguu ukioza kidole baada ya kidole, na hakuna aliyemwita mkubwa.

Kisha akampata na kisukari Abdow, muuza mifugo, mume wa Mama Isnino.

Siku ya soko iliyofuata Kiema alikagua nukta ya wino, akaenda nyuma ya hoteli, akarudi na kikombe, akachovya kijiti na kukiinua juu.

"Hivi ndivyo alivyo mtu mzima!"

Kilikuwa zambarau.

Akachovya cha pili. Zambarau.

"Pole, daktari," mzee Mbuvi akasema.

"Karibu kwetu," akasema hedimasta, bila furaha sana; kundi lilikuwa linaanza kuwa kubwa.

Kiema hakuwasikia. Kati ya watu wote pale, ni yeye peke yake aliyejua kwa hakika kwamba kijiti hakidanganyi. Aliutazama mguu wake wa kushoto. Alihisi kidole kimoja kinawasha.

Mama Isnino akaleta glasi ya maji, akamimina humo pakiti mbili za unga wa kijivu, akakoroga.

"Kunywa, daktari. Umewahi mapema."

"Mama, nitafutieni gari la kwenda hospitali."

"Hospitali ya nini? Abdow wangu anakunywa hii."

"Mama Isnino, tafadhali!"

"Kunywa!"

"Ni majivu!" Kiema akapiga kelele. "Ni majivu ya jikoni! Nipelekeni hospitali, mguu wangu unaoza!"

Watu wakasogea karibu na meza.

"Mguu wako hauna kitu," akasema Mama Isnino. "Hicho ni kikombe cha wateja, nimekibadilisha na chako. Nukta nimeichora mimi jana." Akawageukia watu. "Kwetu tunapima na sisimizi. Mkojo wa Abdow niliumwaga chini, hawakuja. Nikatia maji ya mtungi kwenye kikombe kingine kama hicho, nikamwaga, wakaja mstari mzima. Sasa niambieni, na mtungi wangu una kisukari?"

Kiema aliruka kwa furaha. "Sina! Jamani, sina!" Alimkumbatia mzee Mbuvi, na alipokuwa kifuani kwa mzee ndipo alipoona nyuso za wengine.

Hawakumpiga sana. Kila mtu alichukua mbuzi wake, Abdow akachukua koti jeupe kama fidia ya usumbufu, na Kiema akaelekezwa njia ya Kambu, kwa miguu.

Alikuwa ameuacha mji nyuma aliposikia mtu anahema. Alikuwa hedimasta, na kamba mbili mkononi, na mbuzi wawili kwenye kamba.

"Hawa nimerudishiwa kwa nguvu," akasema, akitazama nyuma. "Eti sina. Mama wa chai ndiye anajua damu yangu? Shika. Nipe dawa ya miezi miwili."

Kiema alizipokea kamba. Mfukoni alikuwa amebakiwa na pakiti nne na kijiti kimoja. Kijiti hakukigusa.

"Mwalimu," akasema kwa huzuni, "nisikufiche. Imepanda."