Majike Manane, Madume Manne

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Bakoba.

Nimerudi kutoka Izimbya sasa hivi. Baba yangu, Mzee Kagaruki, amenipa mwezi mmoja! Mbele ya mama, mbele ya wajomba, mbele ya sahani ya ndizi na maharage ambayo sikuweza kuimaliza. Alisema ananiombea tangu niliporudi kutoka vitani, mwaka wa nane huu, na bado hajui nafanya kazi gani. Nikamjibu kwa heshima: "Tata, mimi ni mtunga ngoma." Akauliza kama ngoma hizo nazipiga. Nikasema sizipigi. Naimba? Siimbi. Basi nacheza? Hapana, nawafikiria hatua wengine, wao ndio wanacheza. Akamtazama mama kwa muda mrefu.

Hukumu ni hii. Nikileta karatasi ya Serikali yenye muhuri, inayotaja kazi yangu, hatanizuia tena mpaka anaingia kaburini. Ameapa, mkono juu ya Biblia. Nisipoileta, nirudi nyumbani kupalilia migomba na kuchuma kahawa mpaka mimi niingie langu.

Kupalilia! Mimi niliyekaa Sailoni, ng'ambo ya bahari, na jeshi, nikaona watu wakisimulia hadithi nzima kwa vidole tu!

Alhamisi, 5 Agosti.

Mpango umepatikana. Tarehe 14 kuna maonyesho ya kilimo na mifugo Muleba, na Bwana DC atakuja mwenyewe kugawa vyeti. Vyeti vyenye muhuri! Nimeiandikia kamati barua nzuri mno. Niliisoma kwa sauti mara tatu na mara ya tatu nikatokwa machozi. Nimesema: mimi ni Mujuni wa Bakoba, mtunga ngoma. Naleta kumi na wawili, wa kike wanane, wa kiume wanne, wote wazima, nimewafundisha kwa mkono wangu. Watahitaji nafasi ya kutosha na maji.

Ngoma yenyewe inaitwa Maisha ya Buni. Kahawa inachanua, inaiva, inachumwa, inaanikwa, inageuzwa. Dakika ishirini, bila kupiga ngoma hata moja! Hatua tu, na mimi pembeni nahesabu. Protase, ambaye kikundi chake kina ngoma tisa na wazo moja, alisema sokoni leo kwamba ngoma bila ngoma ni kama pombe ya lubisi bila ndizi. Watu wakacheka. Nilishtuka kuona wanaocheka ni wale wale niliowahi kuwaalika bure.

Jumatano, 11 Agosti.

Jibu limekuja. Nimelisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye udongo.

Karani wa maonyesho, mtu anayeitwa Philbert, anasema ombi limekubaliwa. "Mujuni, mchunga ng'ombe. Majike manane, madume manne." Mchunga ng'ombe! Nimesoma mara nne, bado ng'ombe. Inaelekea Philbert hajawahi kusikia kazi ya kutunga ngoma, akaona nimekosea kuandika, akanisahihisha. Kwa wema wake! Hata mstari amepiga chini ya neno hilo, kwa rula.

Nilikwisha kuvaa viatu niende Muleba kumkaripia. Ndipo nikageuza karatasi nikaona ratiba. Ng'ombe: saa nne asubuhi, uwanja wa kati, mbele ya Bwana DC. Ngoma: saa kumi jioni, nyuma ya ghala, Bwana DC akiwa ameshaondoka. Nikavua viatu.

Sitasema neno. Wakishaingia uwanjani, nani atawatoa? Bwana DC ataona kazi, atauliza inaitwaje, nami nitamtajia herufi kwa herufi aiandike kwenye cheti. Wachezaji nimewaambia tumepewa nafasi ya heshima. Kokushubila, mchezaji wangu wa kwanza, yeye ndiye ua, ndiye buni, ndiye kila kitu, akauliza kama nina hakika. Ana miguu mizuri sana msichana yule. Shida yake ni maswali.

Ijumaa, 13 Agosti. Muleba.

Tumefika kwa lori la kahawa. Mlangoni msaidizi wa Bwana Mifugo aliuliza, bila kuinua macho kwenye daftari, kama kumi na wawili wangu wamepita joshoni. Nikajibu wameoga asubuhi hii, wote. Akaweka alama. Akauliza kama kuna mwenye mimba. Nilishtuka nusura nianguke! Nikamwambia awe na adabu. Akaandika "hajui".

Malazi yetu ni zizi. Nyasi mpya, birika refu la maji, donge la chumvi pembeni. Kokushubila akauliza chumvi hiyo ni ya nini. Nikasema ndivyo Wazungu wanavyooga. Tukapewa pia namba za kitambaa za kubandika kifuani, 41 mpaka 52. Hizo walizifurahia. Protase alipita na watu wake, akatukuta zizini, akatutazama, akaondoka bila kucheka. Protase kutocheka! Sikupenda hata kidogo.

Jumamosi, 14 Agosti.

Sijui nianzie wapi.

Saa nne tuliitwa. Mbele yetu walikuwa ng'ombe thelathini wa mzee Karugendo, wenye pembe ndefu, wamefungwa kwenye vigingi. Bwana Mifugo, Mzungu mrefu mwembamba, akasoma namba 41 kwenye daftari. Akamtazama Kokushubila. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta. Kabla hajaivaa nikapaza sauti: "Moja, mbili, chanua!"

Wakachanua! Kikombe cha Bwana DC kilibaki hewani. Mama mmoja karibu na kamba akamwita Yesu kwa sauti. Nikajua saa yangu imefika.

Ndipo Protase akapiga ngoma zake zote tisa kwa mpigo mmoja, kule nyuma ya ghala. Wivu mtupu! Ng'ombe wa Karugendo waling'oa vigingi. Thelathini! Watu wakapanda juu ya meza za maboga. Karugendo akapoteza kofia. Kundi zima likaelekea kwenye hema la Bwana DC.

Wachezaji wangu hawakusimama. Miezi saba nimewafundisha kwamba hatua haikatizwi hata mbingu zikianguka. Tulikuwa tumefika mahali pa kuanika kahawa, yaani duara pana, mikono imenyooshwa, linajifunga polepole. Nikaendelea kuhesabu kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Duara likajifunga. Ng'ombe wote walikuwa ndani yake! Kokushubila, ambaye kwao wamefuga tangu babu, akawa anawaimbia chinichini kwa Kihaya, jambo ambalo halimo kabisa katika utunzi wangu na nitamwambia. Wakatulia. Tukaingia kwenye kugeuza buni, nao wakageuka. Wakatoka na sisi kwa mstari mmoja mpaka zizini.

Makofi kama yale sijawahi kuyasikia. Nikainama. Bwana DC alinipa mkono, akasema miaka yake yote katika nchi hii hajaona kitu kama hicho. Nililia, naandika ukweli hapa, nililia kama mtoto, na lile neno nililotaka kumtajia herufi kwa herufi halikutoka. Akanikabidhi cheti kimekunjwa, kina muhuri mwekundu.

Nilikikunjua nyuma ya ghala. "Mchunga Ng'ombe Bora, 1954."

Jumapili, 15 Agosti.

Wachezaji wameiona orodha ya mifugo. Ilikuwa imebandikwa mlangoni, na Kokushubila aliibandua akaja nayo. Akaniuliza, kwa utulivu uliotisha, yeye ni jike la ngapi. Nikasema la kwanza! Nilidhani atafurahi.

Wote kumi na wawili wamepanda lori bila mimi. Nimeachwa barabarani na furushi la sketi za ukindu. Inaniuma. Watu wote wale waliitazama ngoma yangu na hakuna aliyeiona. Kila anayepita ananiuliza dawa ya kupe.

Alhamisi, 19 Agosti. Izimbya.

Mpango: kumwonyesha baba cheti huku kidole gumba changu kimefunika jina la kazi. Muhuri tu ndio uonekane. Baba akakisogeza kidole changu taratibu, kama anaondoa inzi. Akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Akapiga magoti. Nikadhani ni moyo, nikaita mama! Kumbe anashukuru Mungu.

Akasema aliapa na hatarudi nyuma. Serikali imeandika kazi yangu kwa wino, naye hatanizuia kuifanya mpaka kaburini, na yeyote atakayetaka kunizuia atakutana naye. Kabla ya chakula cha jioni majirani walikuwa wameleta ng'ombe wao uani. Kumi na wanne. Nikafungua kinywa nieleze kosa la Philbert, mama akanibana mkono. Nikamtazama baba. Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake tangu nizaliwe. Nikafunga kinywa.

Ng'ombe hawajui kuhesabu. Nimejaribu.

Jumatatu, 30 Agosti. Izimbya.

Barua kutoka kwa Bwana Mifugo! Nimeshtuka mpaka ng'ombe wawili wameingia shamba la mchungaji wa kanisa na sijali. Ananialika Ngara mwezi ujao nikawafundishe wafugaji njia yangu ya kutuliza kundi. Wafugaji mia tatu, kila mmoja na ng'ombe wake wawili, wataitwa kwa amri, na hakuna atakayeruhusiwa kuondoka kabla sijamaliza. Mia tatu! Uwanja wa kati! Hakuna Protase!

Nilichukua kalamu kwa nia safi ya kumweleza ukweli wote, kwamba mimi si mchunga ng'ombe na sijawahi kuwa. Nikaandika "Bwana mpendwa". Nikafikiria wale mia tatu, wamekaa, wananitazama. Nikaandika nimekubali.

Utunzi mpya nimeuanza leo malishoni. Dakika arobaini. Kokushubila nimemwandikia barua ya kurasa tatu, nimeomba radhi katika kila ukurasa, nikamwahidi kwamba safari hii ni ngoma tupu na jina lake litaandikwa juu ya langu. Ng'ombe sikuwataja. Watakuwa mia sita, lakini hilo ataliona mwenyewe akifika.