Programu Yenu Inamkimbia Mama Mkwe Wangu

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Programu za Kompyuta.

YAH: TABIA YA PROGRAMU YENU YA KUREKEBISHA PICHA

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, umekaa kwenye kiti chako mwenyewe na umevaa unavyotaka. Mimi nakuandikia nikiwa ndani ya nyumba yangu, kwenye joto hili, nimevaa shati la mikono mirefu na vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Sababu ni programu yenu.

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ninamoishi na mke wangu na watoto. Kuna pazia la bluu ukutani, stuli ya kuzunguka, taa mbili, kioo cha wateja kujiweka sawa, na nje ya mlango kuna benchi la kusubiria. Kompyuta iko kwenye kona, nyuma ya kaunta. Programu yenu niliinunua kihalali, si ya kunakili kama wanayotumia wenzangu wa mtaa huu. Niliisakinisha kwa kufuata maelekezo yote, na nikakubali masharti yote niliyoulizwa kama nayakubali, hata yale marefu ambayo naamini ninyi wenyewe hamjawahi kuyasoma.

Ndipo akaja mama mkwe. Yeye ni mkunga mstaafu, na wodi ya wazazi aliyoitumikia maisha yake yote ya kazi imeamua kutundika picha yake kubwa kwenye korido. Akasema haiwezekani apigwe picha na mtu baki wakati mkwe wake ana studio. Akaja na mkoba mdogo, wa mtu anayelala siku mbili. Nikampiga picha, na kwa kuwa ni mama mkwe, nikaihifadhi kwa ukubwa wa juu kabisa ambao kamera na kompyuta vinaruhusu. Kisha nikaifungua kwenye programu yenu. Programu ikaganda, skrini ikawa nyeupe pe, halafu ikajifunga yenyewe. Mama mkwe akasema hakuna shida, ataondoka picha ikishatoka. Ni mtu wa neno lake. Mkoba bado uko kwangu, na yeye yuko kwangu.

Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba ili yasichanganyikane.

1. Programu yenu ina ubaguzi. Mwanzoni nilidhani ni maradhi ya kawaida ya kitu kipya. Nikafungua picha ya muuza nyama wetu, ikafunguka. Nikafungua bwana harusi na bibi harusi, wakafunguka. Nikafungua timu nzima ya mpira, pamoja na wachezaji wa akiba na kocha aliyefumba macho, wote wakaingia. Yupo mwalimu mkuu mmoja ambaye kichwa chake peke yake kinatosha watu wawili, naye akapita bila kusukumwa. Nikamrudia mama mkwe: nyeupe, kimya, imejifunga. Kila ikijifunga inaniuliza kama nataka kuwatumia ripoti ya tatizo. Nimetuma, nimetuma tena, na kila ninapotuma mama mkwe anakuwa nyuma ya bega langu akiuliza kwa upole, "Ni mimi tena?"

2. Maelekezo yenu hayana adabu. Nilipiga simu yenu ya msaada, akapokea binti mmoja msikivu, sina ubaya naye. Nikamweleza. Akasema, "Kaka, hiyo picha ni kubwa mno. Ipunguze tu." Ndugu Mkuu, nimpunguze nani? Huyu ni mama aliyemzaa mke wangu, na mimi naambiwa nimshike nimfanye nusu yake. Nikaomba njia nyingine. Binti akasema basi nimkate pembeni. Nikaomba nyingine. Akasema, au nimbane. Nilipoomba nyingine tena, akamalizia kwamba nimfute kabisa nianze upya. Sijui huko mnaishi vipi na wakwe zenu, lakini mimi simpunguzi mkwe, simkati, simbani, na hilo la kumfuta sitaki hata mtu wa nyumba hii alisikie. Nilimshukuru nikakata simu. Mkitaka nimpunguze muuza nyama, nipo tayari hata leo.

3. Programu yenu imenipotezea fundi. Mtaani kwetu yupo fundi kompyuta tunayemwita Zima-Washa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Alikuja, akazima, akawasha. Akaiondoa programu, akaisakinisha upya, akazima, akawasha. Mwisho akaamua kuifungua kompyuta kwa bisibisi. Hapo mama mkwe akaingia na chai, akamtazama usoni kwa muda, akamuuliza mama yake ni nani na alizaliwa hospitali gani. Fundi akajibu. "Ndiyo wewe," mama mkwe akasema. "Ulitanguliza miguu. Ulitusumbua tangu asubuhi." Fundi na ndevu zake akaweka bisibisi chini, akampa shikamoo upya, akanywa chai yote bila kuinua macho. Mlangoni akaninong'oneza kwamba ile picha haigusi, nitafute mtu mwingine. Tangu siku hiyo akipita dirishani kwetu anapita mbio.

4. Nyumba haina nafasi ya kuhema. Mama mkwe analala chumba cha watoto, watoto wanalala sebuleni kwenye godoro, na mimi nikitaka kwenda jikoni kunywa maji navuka miguu ya watoto nikiwa nimechomekea shati. Kiti changu chenye mto nilimkaribisha mwenyewe siku aliyofika, tena kwa maneno mengi, na sasa sioni namna ya kuyarudisha maneno yale mdomoni. Mimi na mke wangu tukigombana inabidi tugombane kwa kunong'ona. Ugomvi wa kunong'ona haufiki mbali. Juzi tulianza vizuri kabisa, kila mtu na hoja zake, tukaishia kucheka na kuzibana midomo kwa shuka.

Na asubuhi moja mama mkwe alinikuta mbele ya kile kioo cha wateja, akaja akanigeuzia kola ya shati iliyokuwa imejikunja, akanipangusa mabega, akaendelea na shughuli zake. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunigeuzia kola. Hili silo lalamiko. Limeingia kwa bahati mbaya, naomba mliruke.

5. Nimenyang'anywa studio. Kila mpiga picha anajua kuwa picha ya pasipoti ya mtoto mchanga ni vita. Ukimpata macho amefumba, akifumbua analia, akinyamaza amegeuka. Mama mkwe anamchukua mtoto, anamwambia neno sikioni, na mtoto anatulia na kuitazama kamera kama karani aliyeletewa faili. Sasa wanakuja kina mama kutoka mitaa ya mbali, wanazipita studio za wengine njiani, wanakaa kwenye benchi langu na swali lao ni moja: "Mama yupo?" Nikisema ametoka, wanasema watasubiri. Nikimwambia mteja mtu mzima ainue kidevu, anamwangalia kwanza mama mkwe aone kama ni kweli. Mwenye studio nimebaki kuwa mtu wa kubonyeza kitufe.

6. Huduma yenu kwa wateja haipo tena kwa ajili ya mteja. Nilipopiga simu mara nyingine, mama mkwe aliomba aongee na huyo binti, aulize kama kampuni ina neno naye. Akamsalimia, akamsikiliza kidogo, kisha badala ya kuuliza la picha akauliza, "Mwanangu, unapumua hivyo, una miezi mingapi?" Kumbe kweli binti ni mjamzito, na kumbe hata bosi wake alikuwa hajaambiwa, kwa hiyo kama bosi huyo ni wewe, samahani. Tangu siku hiyo binti hupiga mwenyewe. Mimi napokea roho juu nikidhani programu imepatiwa dawa. Ananisalimia harakaharaka na kuomba apewe mama. Wanazungumza kuvimba miguu, kulala ubavu, kiungulia. Nikichungulia kwenye tovuti yenu, ombi langu limeandikwa kuwa linafanyiwa kazi. Sikatai, kazi inafanyika, ila mgonjwa si mimi.

7. Hili la mwisho ndilo kubwa. Nimekaa nikatafakari sana, nimeielewa programu yenu kuliko mnavyoielewa ninyi mlioitengeneza. Haina hitilafu. Ina haya. Hebu itazameni: mama mkwe akitokea tu, inaganda, inapauka, inashindwa kusema, halafu inatafuta mlango. Hivyo hasa ndivyo nilivyofanya mimi siku niliyopelekwa ukweni kujitambulisha. Sasa kitu kinachomwonea mtu haya za mkwe ni nini kama si mkwe? Na kama programu yenu ni mkwe wa familia hii, basi mimi na yeye ni wakwe wenza, na si haki mimi nivae shati peke yangu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima:

Kwanza, kampuni imwandikie mama mkwe barua yenye mhuri kwamba haina kinyongo naye na kwamba uso wake hauna kasoro yoyote. Pili, mtume mwakilishi aje aseme hayo ana kwa ana. Awe mtu mzima, shati limepigwa pasi, akae kwenye stuli ya kuzunguka bila kuzunguka. Tatu, kwa kuwa wakwe hupokezana, mumchukue mama mkwe akae makao makuu yenu kwa muda uleule aliokaa kwangu, mpaka programu imzoee. Hana makuu. Anataka kiti chenye mto, chai isiyozidi sukari, na kuulizwa kila asubuhi amelalaje na kusubiriwa ajibu mpaka mwisho. Wafanyakazi wote wa kiume wafunge vifungo. Atakayetaka kugombana na mwenzake, anong'one.

Mkishindwa haya yote, nitalazimika kuhamia ile programu ya kunakili ya mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, ambayo nasikia inamfungulia mtu yeyote bila aibu.

Sina la kuongeza, na ningekuwa nalo mke wangu ameshasema inatosha. Nisalimie binti wa simu na huyo aliye njiani. Nisalimie mlinzi wa getini, mpika chai, na wale wanaokaa na kuitunga programu yenyewe, pamoja na mama wakwe zao wote. Mama mkwe wangu anawasalimu pia, ingawa hajui kwamba nawaandikia.

Ni mimi, mteja wenu halali mwenye vifungo vyote,
Mpiga picha wa chumba cha mbele.

N.B. Haya naongeza kwa kalamu kwa sababu barua ilikuwa imeshatoka kwenye printa. Nilikwenda ndani kutafuta bahasha. Mama mkwe alisikia printa ikinguruma, akadhani hatimaye ni picha yake. Nilimkuta amesimama kaunta na miwani yake, yuko ukurasa wa mwisho. Hakusema lolote juu ya kiti wala shati. Alisema, "Baba, wewe huwezi kunipunguza, nimekuelewa. Mimi mwenyewe nakatazwa na nani?" Akampigia binti wenu, akaelekezwa pa kubonyeza, akajipunguza. Programu ikafunguka hapohapo, haikuganda hata kidogo. Picha imetoka. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ameitazama, akauliza kama saa yake ya ukunga, ile ya kubandikwa kifuani, inaonekana, akasema sawa, akaenda kufunga mkoba.

Ndugu Mkuu, nayafuta malalamiko yote, la kwanza mpaka la saba, na ile zamu yenu ya kumpokea naifuta pia, msithubutu kumwalika. Watoto wameambiwa warudi chumbani kwao, wamekaa kwenye godoro la sebuleni hawataki kuinuka. Mke wangu amejifungia jikoni, anaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Na mimi nitamkosa sana. Hili naliandika kwenu kwa sababu kumwambia yeye siwezi.

Kabla hajaondoka nimempiga picha nyingine ya kumbukumbu, kwenye benchi la nje, yeye na sisi sote na kina mama waliokuwa wanasubiri na watoto wao. Amesema haondoki bila nakala yake. Nimeihifadhi kwa ukubwa ambao kompyuta yenyewe ilinionya nisiutumie, kisha nikamwita aone ninavyoifungua kwenye programu yenu. Skrini imekuwa nyeupe, programu imejifunga. Nawasihi, msiirekebishe. Mama mkwe sasa anajua pa kubonyeza, na nimemwona kabisa akipatazama. Lakini ameniambia tusiiharakishe kompyuta ya watu, akachukua mkoba wake akarudi nao ndani.