Vita vya Rimoti Iliyokufa na Njiti Moja ya Kibiriti

Sogeeni, enyi mabingwa wa makochi na majemadari wa mito! Nyamazisheni simu, tegeni masikio, kwani nawasimulia vita ambavyo havimo katika historia ya mfalme yeyote, vilivyopiganwa sebuleni kwetu, baina ya kabati la vyombo na cherehani ya mama, jioni ile ufalme wetu ulipobaki bila mtawala.

Ilikuwa saa ya amani. Vyombo vimeoshwa, sakafu imepigwa deki, kila mtu yuko kwenye kiti chake cha enzi. Baba, Mshika Rimoti, Bwana wa Idhaa Zote, amejinyoosha kwenye kochi kubwa. Shangazi, Malkia wa Machozi, ana leso tayari mapajani. Kaka, Mfalme wa Kucheka Kabla ya Kichekesho, amejilaza mkekani. Na mama yuko alipo kila jioni, chini ya taa, uso ukitazama ukuta na mgongo ukitazama televisheni, akishona sare za watoto wa watu.

Mama televisheni aliisikia tu. Tamthilia ya Shangazi, ile ya mke aliyefukuzwa na mume aliyepoteza kumbukumbu (maradhi ambayo huko kwenye tamthilia huwapata matajiri peke yao), mama aliifuata kwa masikio tangu mwanzo. Asubuhi jikoni huninong'oneza, "Alipokaa kimya vile, mwanangu, alikuwa analia au amekasirika?" Nami humweleza. Na jioni hiyo, enyi wasikilizaji, ilikuwa tamati.

Baba akanyoosha mkono wake mtukufu ili atoke kwenye tangazo la sabuni. Rimoti haikuitika. Akaibonyeza tena. Kimya. Akaipiga gotini, akatoa betri, akazibadilisha nafasi, akaziuma moja baada ya nyingine kwa meno yaliyozishinda betri za kila kizazi. Sabuni ikaendelea kutoa povu.

"Si nilikwambia uzianike?" akanguruma.

"Nimezianika, baba," kaka akajitetea. "Jua lenyewe ndilo lililogoma."

Ikabaki njia moja tu: kitufe cha kwenye televisheni yenyewe, ambacho kofia yake ilikwisha kung'oka, likabaki tundu la kuchokolewa kwa kitu chembamba. Lakini nani atasimama?

"Mimi nimeshalala," alisema kaka.

"Magoti yangu mnayajua," alisema Shangazi.

Macho yote yakanigeukia mimi, ambaye katika nyumba ile hajulikani kuwa na maoni yoyote. Ninayo, tena tele, ila huyasikia beseni la vyombo peke yake. Beseni linajua kwamba mtangazaji wa kipindi cha baba hucheka mzaha wake kabla mgeni hajauelewa. Linajua kwamba kwenye vichekesho vya kaka kuna watu wasioonekana wanaocheka hata mlango ukifungwa, na kwamba ndani ya tamthilia hakuna siri inayosemwa pasipo mtu kusimama nyuma ya pazia.

Nikachomoa njiti ya kibiriti, mkuki wangu, nikavuka uwanda wa mkeka. Ndipo zikaanza hotuba.

"Binti yangu, damu yangu," alisema baba, "weka marudio ya kile kipindi cha usiku. Yule bwana ni jasiri. Haogopi wakubwa!" (Wiki iliyopita alimbana waziri bila huruma, akimtaka ataje rangi anayoipenda.)

"Usimsikilize, mdogo wangu," alidakia kaka. "Vichekesho! Leo yule mzee anaanguka."

"Si alianguka wiki iliyopita?" aliuliza baba.

"Leo anaangukia upande mwingine."

"Mnataka nife na presha!" alilia Shangazi. "Leo mwanamume anakumbuka! Mwanangu, usinifanyie hivyo, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni!"

Na hapo nikasikia jambo ambalo wao, kwa makelele yao, hawakulisikia: cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama ameshika uzi hewani, kichwa amekiinamisha upande, anangoja ukuta umwambie.

Nikachoma tundu. Idhaa zikakimbia mbele ya mkuki wangu kama jeshi lisilolipwa: habari, mpira, mpishi anayejisifu. Muziki wa tamthilia ulipoanza kulia, nikasimama.

"Nani kakuruhusu?" aliuliza baba.

"Hatujamuuliza mama," nilisema, kwa sauti ambayo hata mende asingeikimbia.

Wakacheka wote, hata Shangazi.

"Mama yako?" alisema baba. "Mama yako hapendi televisheni. Si ndiyo, mama watoto? Wewe haya mambo huyataki."

Mama akakata uzi kwa meno. Akageuka.

"Nani kakwambia siyataki? Mliniweka nitazame ukuta kwa sababu ya taa, mkasahau kunigeuza. Huyo mwanamke nimemlilia mpaka macho yamevimba, na sura yake siijui. Nigeuzieni kiti. Nataka nimwone."

Hapo, enyi wasikilizaji, yalitendeka ya kutiwa katika kumbukumbu za mataifa: Bwana wa Idhaa Zote alisimama, kwa miguu yake mwenyewe, akageuza kiti. Mfalme wa Kucheka akabeba cherehani. Malkia wa Machozi akatoa nusu ya leso yake. Nami nikasimama kando ya televisheni na njiti yangu, mlinzi wa tundu, asije mtu akajaribu.

Kwenye kioo, mke akafunguliwa mlango na mumewe. Mke hakusema neno. Kwa mazoea, nikafungua mdomo nimweleze mama.

Akanyanyua mkono. "Usiniambie, mwanangu. Naona mwenyewe. Analia." Akasogea mbele kidogo. "Na hilo gauni, aliyelishona aone haya."