Kigari Kinachomfaa Esekon

Jumatatu, 4 Machi 2019

Esekon wangu atapata kigari! Cha kusukuma, chenye paa, chenye mkanda wa kumfunga asianguke! Hujambo shajara. Nimesahau kukusalimia, nisamehe, ni furaha.

Sasa niandike vizuri. Mimi ni Akolong, Mama Esekon, wa hapa Chechelesi, Isiolo. Mume wangu Lokuruka ni askari wa lango katika ofisi za kaunti, na shajara hii alipewa huko, ina muhuri juu. Wanawake wangapi mtaani wana shajara yenye muhuri? Nimehesabu. Mmoja.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi chama cha kina mama wa kanisa kinakuja kuona mtoto. Esekon ana miezi mitano, zamu yetu imechelewa kwa sababu wengine wanazaa kwa pupa. Chama chetu hakiji na vipande vipande, sabuni hapa, sukari pale. Kinaleta kitu kimoja kikubwa. Lakini mama haruhusiwi kukitaja! Anataja shida. Kamati inaipima shida, halafu inachagua dawa. Natabo, mwenyekiti wetu, anasema ukiwaacha watu wataje vitu, wote watataja televisheni.

Basi kazi yangu ni ndogo. Nitaje shida ambayo dawa yake ni kigari tu.

Kwa nini kigari? Kwa sababu Kajuju anacho. Jirani yangu, tunatenganishwa na mabati. Mumewe Mbae anauza miraa, akamletea kigari kutoka Meru, cha buluu, kina vishada kwenye paa. Mtoto wao Muthomi ni mwembamba kama kijiti cha miraa chenyewe, na anasukumwa kama waziri. Wangu, ambaye kliniki walimpima mara mbili kwa mshangao, namfunga mgongoni kwa leso, karai la mandazi kichwani, kila asubuhi mpaka soko la mifugo. Mgongo unauma vibaya tangu nijifungue. Hilo la mgongo sitaiambia kamati. Mgongo ni shida ya watu wa kawaida.

Jumanne, 5 Machi

Nimeenda kwa Shuriye, mwenye duka la vyombo mjini. Nilimwambia nataka kuona vigari, kuona tu, kwa niaba ya mtu mkubwa.

Ana vitatu. Kimoja chepesi, kinakunjika kama mwavuli. Kingine kina magurudumu matatu manene. Cha tatu ni cheupe, kina chandarua, mahali pa chupa, na dirisha dogo mama amwone mtoto akilala. Nilipokiona moyo uliruka. Vigurudumu vyake ni vidogo kama vifuniko vya soda, lakini vinang'aa!

Shuriye ni mtu wa maswali. Akauliza natembea wapi kila siku, kwenye lami au kwenye mchanga. Nabeba nini pamoja na mtoto. Nyumbani kuna ngazi? Napanda boda boda nacho? Nikamwambia mimi natembea kwenye lami. Akatazama viatu vyangu. Mchanga ulikuwa umejaa mpaka kwenye vidole. Akasema wallahi mama, hiki cheupe ni cha watu wenye vigae, nyumbani kwako kitakunywa mchanga siku mbili kife. Chukua cha magurudumu matatu.

Nikamuuliza kama Isiolo hakuna lami. Akasema ipo. Kutoka kwangu hadi kwenye lami yenyewe kuna mchanga, mawe, mbuzi na ile laga, mto usio na maji. Lakini hiyo ni njia ndogo tu. Mtu hachagui kigari kwa sababu ya njia ndogo.

Nilimweka Esekon ndani ya kile cheupe nijaribu. Kikalia kriii. Shuriye akamtoa haraka. Anaogopa watoto wenye afya.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya upelelezi. Nilienda kwa Kajuju nikamwambia Mama Muthomi, unaonekana umechoka, niachie mtoto nimtembeze kwa kigari chake, wewe ulale kidogo. Alinitazama sana. Nilifikiri ameshuku. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuweka vitunguu. Vilikuwa ndani ya kigari, gunia zima la biashara yake! Alivitoa, akapangusa maganda, akamweka Muthomi. Kwa hiyo kigari cha waziri ni ghala ya vitunguu, Jumapili ndiyo kinakuwa cha mtoto! Nilifurahi moyoni. Mtu akiwa na siri ya vitunguu huwezi kumwogopa tena.

Nikaondoka. Esekon mgongoni, Muthomi kwenye kigari. Hatua kumi za kwanza, nilikuwa malkia. Hatua ya kumi na moja, tukaingia kwenye mchanga. Vigurudumu vya mbele vikageuka pembeni kama vimekasirika. Nikasukuma, wapi! Nikavuta kinyumenyume, vikaingia mchangani zaidi. Katikati ya laga kigari kikakataa kabisa, na nilipoinama kukinasua nikasikia kitu kinatafuna. Mbuzi! Amekula vishada vya upande mmoja, na ananitazama kama mimi ndiye nimemkosea.

Nilirudi hivi: Esekon mgongoni, Muthomi kwapani, kigari kichwani. Muthomi alicheka njia nzima. Mtoto hana adabu.

Kajuju alikuwa mlangoni, hakulala hata kidogo. Akauliza, "Mama Esekon, hicho kigari kinakubeba ama wewe ndiye unakibeba?" Nikasema nimekiinua kisishike vumbi. Akauliza vishada viko wapi. Nikasema upepo. Mbuzi alikuwa ametufuata, mdomoni bado ana uzi wa buluu.

Mgongo ulilia mpaka jioni. Lokuruka alinikanda, akasema labda vigari si vya Chechelesi. Maskini, hajui mambo. Nimeshaelewa tatizo. Cha Kajuju ni cha bei ya chini. Changu lazima kiwe cha juu kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Kamati imekuja! Natabo na daftari lake, Kajuju ambaye ndiye katibu (hilo nilikuwa nimelisahau), na nyanya mmoja aliyekuja kwa ajili ya chai.

Nilikuwa nimepanga. Ukitaja shida ndogo, wanaleta kitu kidogo. Kwa hiyo nilikuza. Natabo akauliza shida yangu ni nini. Nikasema usafiri wa mtoto. Akauliza natembea naye kiasi gani. Nikasema kutwa. Akauliza njia ikoje. Hapa nilikumbuka yale magurudumu manene ya Shuriye, nikaona nikisema lami wataleta kile cha mwavuli. Nikasema mchanga, mawe, laga, na Aprili ikifika, matope mpaka gotini.

Natabo akaandika. Akauliza kama kuna mzigo mwingine. Nikasema karai la mandazi. Akaandika. Kajuju akaniambia kwa sauti tamu, "Sema yote, Mama Esekon, usione haya, hawa ni mama zako." Nikaona amebadilika, yale ya laga yamemlainisha roho. Nikaongeza mitungi miwili ya maji. Nikaongeza bunda la unga. Kajuju akauliza na makaa je? Nikasema na makaa, gunia. Nyanya akaacha chai akanipa pole.

Natabo akauliza kama mtoto atalala humo. Nikasema atalala humo, atakula humo, ataishi humo. Akauliza uimara. Nikasema hata mtu mzima akikalia, kisivunjike. Akauliza magurudumu mangapi. Nikasema hesabu si neno, muhimu ni unene.

Akafunga daftari. Akasema kwa miaka aliyoongoza chama hajawahi kuona mama anayejua shida zake namna hii. Nilijikaza nisicheke. Kwa orodha ile hawawezi kuleta chini ya kile cheupe!

Ijumaa, 8 Machi

Maandalizi. Kigari kizuri hakikai bila mto. Nimekata leso ya kumbebea Esekon, ile nzito ya mama yangu ambayo ilinibeba mimi pia, nikashona mto na mapindo ya kuning'inia pembeni. Imetoka safi! Lokuruka alirudi akaona vipande, akauliza leo na kesho nitambebea nini. Nikamwambia kesho saa tisa hatujui tena neno kubebea. Akakaa chini. Akasema ile leso ilikuwa haina kosa.

Wanaume hawaoni mbali.

Jumamosi, 9 Machi

Shajara, nashika kalamu kwa nguvu.

Walikuja wakiimba. Niliwasikia tangu kule kona, nikatoka na Esekon mikononi, nimevaa ile gauni ya harusi ya dada yangu. Kina mama zaidi ya ishirini. Katikati wanasukuma kitu kimefunikwa kitambaa cha meza cha kanisa. Kikubwa! Kinavuka mchanga bila kusita! Kinaruka mawe! Nikapiga vigelegele mwenyewe.

Natabo akavuta kitambaa.

Wilbaro.

Ya kijani. Mpya. Ya kubebea kokoto, toroli la mafundi.

Nilitafuta kigari nyuma yake. Nilitafuta chini yake. Natabo akafungua daftari, akasoma mbele ya watu. Mchanga: gurudumu nene la kujazwa upepo. Mawe: haiogopi. Matope: inapita. Mandazi, mitungi miwili, unga, gunia la makaa: vyote. Alisema walienda kwa Shuriye, wakamsomea orodha, Shuriye akafikiri sana, akawaambia kigari cha hivyo hakijatengenezwa, akawaelekeza duka la vifaa vya ujenzi. Kisha akafika pale pa mtu mzima akikalia. Kajuju akasema huo ni wajibu wa katibu. Akaketi ndani na leso zake zote, akasukumwa kuzunguka uwanja, akilia kwa kicheko. Haikuvunjika. Watu wakapiga makofi.

Nilitabasamu. Meno yaliuma. Nikasema asanteni.

Nyanya wa chai akachukua mto wangu wa mapindo, akautandika ndani, akamweka Esekon. Nikasubiri alie, ili dunia ione. Akajinyoosha mikono na miguu, mahali pamemtosha kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akalala papo hapo.

Msaliti! Lakini alipendeza.

Jumatatu, 11 Machi

Leso sina. Ikabidi. Nilitoka mapema watu wasinione. Esekon mbele juu ya mto, karai la mandazi miguuni pake, mtungi wa maji ya chai. Nikainua mikono miwili ya wilbaro na kusukuma.

Laga nimeivuka bila kusimama. Yule mbuzi alinipisha. Sokoni wanunuzi wa ng'ombe waliacha bei zao wakaja kumwona mtoto kwenye wilbaro, na mtu akishafika kutazama haondoki bila andazi. Yakaisha kabla ya saa nne! Mchuuzi mmoja alisema huyu mama ana akili ya injinia. Sikumkatalia. Nilimwambia niliichagua mwenyewe, kwa vipimo.

Na mgongo. Nimefika nyumbani nikasubiri uanze. Haukuanza. Lokuruka ameleta pampu ya kuazima ameongeza upepo, anapiga mluzi.

Jumanne, 12 Machi

Kajuju alikuja mlangoni bila kucheka. Ameinamisha kichwa. Aliniomba wilbaro, siku moja tu, avute vitunguu vyake kutoka steji ya magari, maana kigari kimevunjika kigurudumu kimoja cha nyuma na Mbae amekifunga kwa waya.

Nikanusa udhaifu. Nikamwambia kuazima hapana. Nikavuta pumzi. Nikasema kubadilishana.

Alijifanya anafikiri. Alifikiri kwa muda wa kupiga chafya. Akasema, "Haya basi, Mama Esekon, kwa sababu ni wewe." Akaondoka na wilbaro mbio, nusura amgonge kuku. Alisahau hata kunirudishia mto, nikamkimbilia.

Shajara, ni changu! Cha buluu! Vishada vya upande mmoja vipo vyote. Kinanuka vitunguu kidogo, harufu ya mtu mwenye mali. Nimemshinda Mmeru wa biashara, kwa mdomo tu, mimi niliyeachia darasa la saba.

Lokuruka amerudi. Amekitazama. Amekizunguka. Ameuliza wilbaro iko wapi, nikamweleza, akaenda kusimama nje na pampu mkononi.

Jumatano, 13 Machi

Mandazi sikupeleka sokoni. Nimeuzia mlangoni, matano. Esekon nimembeba mikononi kutwa na mgongo umerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Ng'ambo ya mabati Kajuju anapita na wilbaro, anaimba, Muthomi ndani juu ya vitunguu. Anafikiri naona wivu!

Sioni, kwa sababu mpango uko tayari. Nimeenda kupima kanisani. Kutoka langoni hadi mlangoni kuna saruji, hatua arobaini, laini kama shavu. Lokuruka atabeba kigari kichwani kutoka nyumbani hadi pale, nami nitambeba Esekon. Kwenye saruji tutamweka ndani, na mto wake, upande wa vishada uelekee watu. Kisha nitasukuma polepole. Lokuruka ameuliza baada ya hatua arobaini itakuwaje. Nikamwambia baada ya hapo ni ibada.

Nimetuma ujumbe kwa wote. Natabo na kamati nzima. Nyanya wa chai. Shuriye, ingawa yeye ni wa msikitini, anaweza kusimama barabarani akajifunza kuchagua. Hata Kajuju, na akitaka aje na wilbaro yake, ataniokoa kama waya utakatika. Waje wote wamwone Esekon kwenye kigari kinachomfaa. Jumapili hii, tarehe kumi na saba, saa nne kamili.