Kaiza Bado Anakua

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Ushindi! Mwanangu Walter amekuja kutoka Maseno na mbwa wa Kijerumani. Mwalimu mmoja Mjerumani amemaliza mkataba, anarudi kwao. Kati ya watu wote pale chuoni, mbwa akamwachia nani? Walter wangu wa maabara. Chumba chake hakiruhusu mbwa, basi nitakaa naye mimi.

Anaitwa Kaiza. Mrefu kama benchi, miguu ya kigoda. Walter anasema aina hii ndivyo ilivyo, na kwamba huyu ni mtu mzima wa miaka sita. Walter amesoma kemia, hajalea. Mimi nimelea watano. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi mpaka kidato cha pili, kisha akachomoka. Nimempima Kaiza mlangoni, nikaweka alama ya mkaa chini ya alama za watoto wangu. Shida ni chakula tu.

Jumatano, 3 Agosti

Jumapili akina mama wa kanisa wanachagua nyumba ya kuweka sufuria za kikundi. Sufuria kumi, sahani mia! Mwenye sufuria ndiye mtu hapa Nyamasaria. Hakuna harusi wala matanga bila kupitia mlango wake.

Mpinzani wangu ni mmoja: jirani, Mama Kangethe wa viazi. Ana Simba, mbwa mkubwa kama ndama. Leo nimemwambia Benta, mwenyekiti wetu, kwamba kwangu wezi hawakaribii, nina mbwa wa Kijerumani. Benta akasema vizuri, Ijumaa watakuja kumwona.

Kumwona! Hilo sikulifikiria.

Nimempa Kaiza mgongo wazi mara tatu tangu asubuhi, ile mifupa ya samaki mbuta ya kukaanga, yenye nyama nyama. Ameongezeka. Lakini kwa upande.

Ijumaa, 5 Agosti

Walikuja sita. Nilikuwa nimemfungia Kaiza nyuma ya lango la mabati. Sauti yake si ya mwili wake, haki ya Mungu. Alibweka mara moja, Benta akarudi nyuma mpaka akakanyaga sukuma wiki yangu. Roho yangu ikacheka.

Kisha udongo ukaanza kuruka chini ya lango. Pua. Masikio. Kaiza mzima! Akapita katikati ya wageni akitingisha mkia, akalala chali miguuni pa Mama Kangethe.

Mama Kangethe alicheka mpaka akashika kiuno. Akaniuliza kama ile miguu mingine bado iko kwa fundi. Nikamwambia ni mtoto, bado anakua. Akauliza ni mtoto gani huyu mwenye ndevu nyeupe. Nikasema ni uji.

Jumamosi, 6 Agosti

Wazo lilinijia nikichambua omena. Kreti tatu za soda nyuma ya lango, Kaiza juu yake. Kichwa kikatokea juu ya mabati kama cha mbwa wa polisi! Watu wawili walivuka barabara. Nikaimba.

Halafu Mama Kangethe akapita na Simba. Kaiza akaruka ili awasalimie.

Ule mlio sitausahau. Miguu ya nyuma haikusimama tena, aliiburuta kama kamba. Yawa! Nilipiga nduru, sijui nilisema nini. Mama Kangethe alimwaga viazi vyake vyote barabarani, akamlaza Kaiza ndani ya kapu, akaniambia nishike huku, nisimkunje. Tukaenda hivyo mpaka kwa Daktari Wasike wa mifugo, Mama Kangethe mbele, mimi nyuma, tukipiga hatua pamoja kama waliobeba mgonjwa wa kwetu.

Daktari alisema mgongo huu ni mrefu, haupendi kuruka wala kitambi. Akauliza nani amemnenepesha hivi. Nikasema ni Walter.

Akae mahali padogo wiki mbili, asipande, asitoke. Huenda atatembea, huenda hatatembea. Nitamwambia nini Walter wangu?

Jumapili, 7 Agosti

Sikwenda kanisani, wala kwenye kura. Wacha Mama Kangethe achukue sufuria. Kaiza amelala ananitazama tu. Katoni nimemwekea, ameirarua.

Saa nane nikasikia nyimbo. Akina mama, sufuria vichwani! Benta akasema Mama Kangethe mwenyewe ndiye alisimama mbele ya watu: yeye kutwa yuko sokoni, na Simba hulamba kila mgeni. Lakini Mama Walter hatatoka nyumbani wiki mbili. Mlinzi gani mwingine wanataka?

Nililia. Nikawaambia ni moshi.

Walipoondoka nikaitazama sufuria namba moja, ile ya pilau ya watu mia. Kuta ndefu. Chini pana. Daktari si alisema mahali padogo?

Jumatano, 10 Agosti

Ngo, ngo, ngo. Nilifikiri mtu anabisha hodi. Nikafungua mlango, hakuna mtu. Ngo, ngo! Nikageuka. Mkia wa Kaiza unapiga sufuria, na Kaiza amesimama. Anatetemeka, lakini kwa miguu minne!

Nilipiga kelele. Mama Kangethe akaja mbio, mikono ina unga. Tulicheza tukizunguka sufuria mpaka jasho likatutoka. Sijapumua hivi tangu Walter apite mtihani.

Jumapili, 21 Agosti

Benta alihitaji namba moja kwa harusi ya jana. Nilikuwa nimeisugua kwa mchanga, kwa jivu, kwa maji ya moto mara tatu. Wageni walisifu pilau mpaka wakaomba tena. Mama Kangethe, aliyekaa karibu nami, alikula chapati tu. Mimi pia.

Kaiza anatembea vizuri. Walioniuliza kimo chake nimewaambia alikuwa ameshaanza kurefuka, ugonjwa ndio ulimrudisha. Daktari amekataza mgongo wazi, kwa hiyo nilimpa mmoja mdogo. Kisha nikampima mlangoni. Amepita alama kwa upana wa ukucha!

Walter, aliyekuja leo, anasema Kaiza amesimama juu ya mkeka. Walter amesoma kemia.