Keki ya Ghorofa Tano na Gari Lenye Akili

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Gari langu ni msomi! Kila tairi lina mfuko wa upepo badala ya springi, na kompyuta inaujaza na kuupunguza kufuata barabara. Leo nimepita rasta za Mazimbu, vile vituta vidogo vya barabarani, soda iko wazi juu ya dashibodi. Haikumwagika hata tone. Nimemwomba dada Editha, mwoka keki, nipeleke mimi keki ya harusi ya Jumamosi kule Mgeta. Ghorofa tano! Ikifika salama, keki zake zote za harusi mwaka huu nitazibeba mimi. Mshindani wangu ni mzee Kondo na pikapu yake kuukuu. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 2 Septemba
Kwenye kona ya Mzinga gari limelala ubavu, nusura lipinduke. Fundi Yasmin kasema sensa ina shida. Nikamjibu nilihesabiwa vizuri tu, na kuku wangu pia. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni kijiti huko uvunguni kinachoiambia kompyuta gari limeinuka kiasi gani! Akanieleza: ukililegeza lisisikie mashimo, konani linalala, ukilikaza lisilale, mashimo yote unayo. Kompyuta inachagua, ila inachelewa kidogo. Ana kichwa binti yule! Kanionya nisiguse kitu.

Jumatano, 3 Septemba
Nimegusa. Kijiti nimekifunga kwa kamba ya katani, ili kompyuta iamini dunia nzima ni tambarare.

Alhamisi, 4 Septemba
Jaribio. Keki ya ghorofa mbili, dada Editha kaipakata kiti cha nyuma. Mpaka Mzumbe raha tupu, dada wa watu anasinzia. Mlimani kamba ikakivuta kijiti, kompyuta ikadhani gari limezama. Ikajaza upepo. Ikazidi kujaza. Mfuko ukapasuka, puu! Tukakaa chini. Hata kuanguka, gari hili linaanguka kistaarabu! Keki yote kwenye kitenge cha dada Editha. Alishuka, akampigia simu mzee Kondo.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimejitolea kushika keki nyuma ya pikapu, nimwone mzee akikosea. Nikampa shikamoo nzito. Katandika gunia la pumba, kapunguza upepo wa matairi, tukaondoka. Kila shimo alilikwepa kabla sijaliona. Kona zote kazipita polepole, kama anambembeleza mtoto. Nilipomuuliza siri, akasema: mwanangu, barabara naisoma kwa makalio. Mgeta tumefika, hakuna ua la sukari lililohama. Vigelegele! Nami nilipiga, machozi yananitoka. Dada Editha kampa keki zote za mwaka.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa natafakari. Mzee Kondo ni bingwa, namvulia kofia. Lakini makalio? Makalio hata mimi ninayo! Siri ni pikapu. Kesho nakwenda kumwomba tubadilishane, achukue langu nichukue lake. Likishakuwa mikononi mwangu, kazi ya kwanza ni kulifungia kompyuta.