Mapazia Kumi na Manne Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo naanza maisha mapya. Mke wangu anakuja Jumamosi. Atashuka kwenye basi saa nne asubuhi na kupanda la kurudi chuoni saa kumi jioni. Saa hizo sita ndizo kipande changu cha mwezi mzima, na sitaki kukigawana na cherehani.

Tatizo ni mapazia kumi na manne ya ukumbi wa sherehe. Mahameli mazito ya bluu. Msimamizi wa ukumbi atayafuata Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na moja. Nashonea sebuleni. Binti yangu wa darasa la kwanza nampeleka shule saa mbili, namchukua saa saba. Akiwa nyumbani hakuna kazi, kuna maswali tu. Basi nina saa tano kwa siku, siku tano. Zinatosha kabisa kwa mtu mwenye ratiba.

Ratiba nimeichora leo. Rangi nne, mistari kwa rula. Kushona kijani, pasi nyekundu, chai njano. Simu ya mke wangu, saa sita kamili kila siku, bluu. Nilikosea mstari mmoja nikaanza upya. Binti aliporudi aliitazama sana, kisha akauliza mapazia yako wapi. Nikamwambia hii ndiyo kazi yenyewe.

Mapazia yaliyokwisha: hakuna.

Jumanne, tarehe 4

Nimesogeza saa ya ukutani mbele kwa nusu saa, nijidanganye, niharakishe. Ubaya ni kwamba mdanganyaji na mdanganywa wanaishi nyumba moja. Asubuhi nzima nilikuwa natoa nusu saa kichwani. Ilipofika saa sita ya ukutani nikasahau kutoa. Nikaacha kazi, nikaketi na simu mkononi.

Baada ya dakika tano nikajua nimejiponza. Sikuinuka. Kumngoja nako kuna raha yake.

Akapiga. Ana dakika kumi tu kati ya wodi na darasa. Anasomea ukunga, mwaka mzima. Akauliza kama nimekula. Akasema amechoka hadi anasinzia amesimama. Nilitaka kumwambia nyumba imekuwa kubwa mno bila yeye. Nikamweleza habari za ratiba. Akacheka, nami nikabaki na kicheko hicho mchana kutwa, wala sikushona kitu.

Shuleni nilifika nusu saa kabla. Mlinzi akanipa kiti.

Jumatano, tarehe 5

Jirani wa mlango wa pili, Mama Keki, anaoka keki za oda nyumbani kwake, na ana watoto watatu. Kila siku saa tano keshamaliza, amekaa barazani kanyoosha miguu. Inaniuma. Lazima ana siri.

Nimejibanza dirishani tangu saa mbili, daftari mkononi, niandike kila anachofanya kwa dakika. Saa nne akanipungia mkono. Saa tano akaja na kipande cha keki, akauliza kama naumwa. Nikaona potelea mbali, nikamuuliza waziwazi anafanyaje. Akafikiri. Akasema anaanza, halafu anamaliza.

Anaficha kitu huyu mama.

Alhamisi, tarehe 6

Nimegundua. Kazi za aina moja zifanywe kwa mkupuo. Nikapima mara moja tu, nikayakata yote kumi na manne kwa kipimo hichohicho. Saa moja na robo. Nikajipongeza kwa kikombe cha chai nje ya ratiba.

Kisha nikakumbuka kwamba vipimo vya ukumbini nilivichukua kuanzia juu ya dirisha hadi sakafuni, na bomba la pazia ukumbini liko shubiri nzima juu ya dirisha. Mapazia yote ni mafupi. Kila moja sasa linataka kuungwa kipande chini. Kazi imekuwa mara mbili.

Simuni mke wangu aliuliza kazi inaendaje. Nikamwambia imeongezeka. Akanipongeza.

Ijumaa, tarehe 7

Leo kufa kupona. Nimezima simu, nimefunga mlango, nimeshona kama mtu anayefukuzwa. Manane yamekwisha, na vipande vyake vya chini, na pasi. Sijawahi kufanya kazi namna hii maishani.

Nikawasha simu saa saba kasoro. Alikuwa amepiga mara tatu. Akaacha ujumbe: hakuna neno, alitaka tu kusikia sauti yangu.

Nimeyatazama yale mapazia manane. Ningeyatoa yote kwa zile dakika kumi. Nimepiga, simu yake imezimwa, yuko wodini.

Jumamosi, tarehe 8

Basi lilifika kwa wakati. Amekonda. Binti alimrukia hata sikupata pa kumshika, nikashika mkoba.

Tulipoingia sebuleni akaona lile rundo la mapazia sita. Hakunigombeza. Akasema nishone tu, yeye atanyoosha mgongo kidogo, kisha tutazungumza. Akajilaza juu ya rundo na viatu vyake. Binti akajibana ubavuni. Muda si muda wote wawili wamelala fofofo, na kazi yangu yote iko chini yao.

Ningemwamsha, asogee tu kidogo. Nilikwenda mara mbili kwa nia hiyo. Miguu yake imevimba. Chaki imemshika shavuni. Nikarudi kwenye kiti cha cherehani, nikakaa mikono mitupu zaidi ya saa nne, namtazama. Nilikuwa na hamu naye hata nikaona kupepesa macho ni hasara.

Aliamka saa tisa. Akauliza kwa nini sikumwamsha, na muda wetu wote umekwisha. Machozi yalimlenga. Nikamwambia sijapoteza hata dakika moja.

Msimamizi alikuja saa kumi na moja, akakuta manane. Akauliza mengine yako wapi. Nikasema yalikuwa yanatumika. Maneno aliyonijibu siyaandiki humu, lakini amenipa hadi kesho mchana.

Jumapili, tarehe 9

Mama Keki alisikia zile kelele za jana. Akaja asubuhi na pini zake, akakaa upande wa pili wa meza. Saa tano tumemaliza. Bado hajaniambia siri.

Mchana mke wangu akapiga. Akasema mwezi ujao atalala ndani ya basi, ili akifika tuzungumze. Akaniomba siku hiyo nisiwe na kazi yoyote, hata kifungo. Nikamwapia.

Jioni amekuja mama mmoja mwenye duka la samani. Anataka mito arobaini ya makochi, aichukue mwezi ujao, Jumamosi hiyohiyo anayokuja mke wangu. Nimekubali. Mwezi mzima ni muda mrefu kwa mtu mwenye ratiba, na safari hii natumia rangi sita.

Akauliza mito ijazwe nini. Nimemwambia sponji nene, ile laini kuliko zote.